Kicheza muziki kimeharibika: tafuta kwanza ni sehemu gani iliyokufa

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nina kicheza muziki cha mfukoni chenye diski ngumu ya GB 80, nilichokinunua mwaka 2008. Siku hizi kinazimika chenyewe baada ya muda mfupi hata kama nimekichaji usiku kucha. Mara kwa mara ndani yake husikika mlio wa kugongagonga, na upande mmoja wa hedifoni umekuwa kimya. Fundi niliyempelekea amenishauri nikitupe ninunue kingine. Kina nyimbo nilizozikusanya kwa miaka mingi, na baadhi yake sina nakala popote. Je, kinafaa kutengenezwa, au muda wake umekwisha?"

Kwa kadiri maelezo yako yanavyoniwezesha kuona, kicheza muziki hiki kina uwezekano mkubwa wa kutengenezeka, na ushauri wa kukitupa umetolewa mapema mno. Dalili tatu ulizozitaja si lazima ziwe maradhi matatu. Mbili za kwanza huenda zinatokana na chanzo kimoja, na ya tatu mara nyingi ni hitilafu ndogo isiyohusiana nazo. Ninachokusihi ni kwamba usiamue juu ya kifaa kizima, bali uulize ni sehemu gani ndani yake iliyokufa. Sehemu za kicheza muziki hazizeeki kwa mwendo mmoja: betri huchoka hata isipotumika, diski ngumu huchakaa kwa kuzunguka na kutikiswa, tundu la hedifoni hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa, ilhali bodi kuu na chipu ya sauti, zisipoingiliwa na maji, zinaweza kuendelea na kazi miaka mingi baada ya zile nyingine kushindwa. Tatu za mwanzo hubadilishika. Bodi kuu ndiyo inayostahili kuamua kama kifaa kimefikia mwisho wake.

Hata hivyo, kuna kazi inayotangulia uchunguzi wowote, nayo ni kuokoa nyimbo. Diski ngumu inayogonga huenda ni diski ambayo vichwa vyake vya kusomea vinashindwa kupata mahali pake, na kila mara unapoiwasha unaipa nafasi nyingine ya kujiumiza. Kwa hiyo acha kuitumia kwa kusikiliza. Iunganishe na kompyuta, kisha nakili kwanza zile nyimbo ambazo huna kwingine, kabla ya zile unazoweza kuzipata tena kwenye santuri zako au kwa kuzinunua upya. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kusawazisha kicheza muziki na maktaba mpya ya nyimbo, kataa, kwa sababu baadhi ya vicheza muziki, zikiwemo iPod za kampuni ya Apple, vinaweza kufutwa vyote na kujazwa kilichomo katika maktaba hiyo mpya, na kama ni tupu, nawe utabaki mikono mitupu.

Usishtuke usipoziona nyimbo zako kwa majina yake. iPod, kwa mfano, huziweka katika folda iliyofichwa na kuzipa majina ya herufi nne yasiyo na maana yoyote kwa msomaji. Jina la wimbo, la msanii na la albamu vimeandikwa ndani ya faili lenyewe, na programu ya muziki ya kompyuta itavisoma na kuvirudisha mahali pake. Iagize kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, nakili folda nzima, na upangaji uje baadaye. Zipo pia nyimbo zilizouzwa zikiwa na kufuli ya kidijitali, hasa zile zilizonunuliwa katika iTunes, duka la Apple la nyimbo mtandaoni, kabla ya mwaka 2009, ambazo hazitachezwa bila akaunti iliyozinunua. Hizo ziandike kwenye orodha ili ujue mapema ni zipi zitakazokuhitaji ukumbuke akaunti yako ya zamani.

Ikiwa kompyuta haiioni diski kabisa, nakuomba usiitie kwenye friji kama inavyoshauriwa na wengi, wala usiigongegonge ukitarajia iamke. Unyevu unaoganda juu ya sahani za diski baridi huongeza madhara. Wapo wataalamu wanaofungua diski katika vyumba visivyo na vumbi na kutoa data iliyomo, lakini kazi yao ni ya gharama kubwa, na mimi ningeifikiria tu kama ndani mna rekodi isiyopatikana kwingine duniani, kama vile sauti ya mzazi aliyefariki au muziki ulioupiga mwenyewe.

Sasa tuje kwenye uchunguzi, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa ndipo uamuzi wote unapojengwa. Vicheza muziki vya diski ngumu havikuiacha diski izunguke wakati wote. iPod ya kwanza, iliyotolewa Oktoba 2001 ikiwa na diski ya GB 5, ilikuwa na memori ya MB 32 iliyopokea nyimbo kadhaa kwa mkupuo mmoja, kisha diski ikasimama na muziki ukaendelea kuchezwa kutoka kwenye memori hiyo. Vingi vilivyofuata vilitumia mpango huohuo. Maana yake kwako ni kwamba betri haibebi mzigo ulio sawa muda wote: mzigo hupanda ghafla diski inapoamka, kisha hushuka. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha chaji imejaa, lakini diski inapodai umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaanguka na kifaa kinazimika. Tena diski isiyopata umeme wa kutosha hushindwa kufikia kasi yake, hurudi nyuma, hujaribu tena, na sauti ya majaribio hayo ni mlio uleule wa kugongagonga unaouhusisha na diski mbovu.

Baada ya kunakili nyimbo, basi, chomeka kicheza muziki kwenye chaja ya ukutani na si kwenye kompyuta, kwa kuwa kikiunganishwa na kompyuta vingi huacha kucheza na kugeuka kuwa hifadhi tu. Kiache kipate chaji kwa nusu saa hivi, kisha, kikiwa bado kimechomekwa, cheza nyimbo ukiruka kutoka albamu moja hadi nyingine ili uilazimishe diski iamke mara kwa mara. Kama kinacheza bila kuzimika wala kugonga, na matatizo yanarudi pale tu unapochomoa chaja, mtuhumiwa wa kwanza ni betri, na diski yako huenda ni nzima. Kama mlio unaendelea ingawa umeme upo, au kifaa kinaganda kila kinapofika kwenye wimbo fulani, basi diski yenyewe imeanza kufa. Sikiliza vilevile ni wakati gani hasa kinazimika. Kikizimika sekunde chache baada ya wewe kuchagua wimbo mpya, diski inahusika kwa namna moja au nyingine. Kikizimika katikati ya wimbo huku diski imetulia, naelekeza macho kwenye betri, na betri mpya ikishindwa kuondoa tatizo, kwenye bodi.

Betri za aina ya lithiamu hupungua uwezo kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Kila mzunguko wa kuchaji na kutumia huchukua sehemu ndogo, kiasi kwamba baada ya mizunguko 300 hadi 500 betri nyingi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa awali, na umri nao huchukua yake hata kama betri haikuguswa. Betri ya mwaka 2008 ambayo bado inajaribu kufanya kazi haidaiwi kitu. Kuibadilisha ni sehemu ya matunzo ya kawaida na haistahili kuitwa ukarabati mkubwa. Lakini jihadhari na betri inayouzwa kwa sifa ya kuwa "orijino" ikiwa kiwanda kiliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita, kwa sababu imezeeka rafuni kama yako ilivyozeeka mfukoni. Afadhali betri iliyotengenezwa karibuni na kampuni nyingine, mradi iwe na vipimo vilevile vya urefu, upana na unene, plagi inayolingana na mpangilio wa nyaya ulio sawa, pamoja na saketi yake ya ulinzi. Fundi akipima kwa mita betri iliyojaa na kupumzika, anapaswa kuona karibu na volti 4.2. Ikishuka haraka chini ya 3.7 inapopewa mzigo, jibu limepatikana: betri imechoka.

Jambo moja hapa halina mjadala. Ikiwa mgongo wa kicheza muziki umetuna, au kioo kimeanza kuinuka kutoka kwenye fremu, betri imevimba. Usiichaji tena, usiibonyeze irudi mahali pake, wala usiichokonoe kwa chuma. Hatari hii ni ya kweli: mwaka 2011 Apple yenyewe iliwaita wenye iPod nano za kizazi cha kwanza wazirudishe kwa sababu betri zake zingeweza kupata joto kupita kiasi. Betri iliyovimba itolewe na mtu mwenye uzoefu, na chombo chenyewe kinaweza kupona vizuri kabisa baada yake.

Kama uchunguzi umeonyesha kwamba diski ndiyo mbovu, habari ni njema kuliko unavyodhani, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na fundi wako. Usitafute diski nyingine ya zamani ya aina ileile, kwa kuwa utanunua uchakavu wa mtu mwingine. Kwa vicheza muziki vingi vya diski za inchi 1.8 zipo adapta zinazoruhusu kadi ya memori kukaa mahali pa diski, zikaungana na bodi kwa utepe au pini zilezile. Kadi haina kitu kinachozunguka, hivyo haidhuriki kwa kutikiswa, haigongi, na hutumia umeme mdogo zaidi, jambo linaloongeza saa za kusikiliza kwa betri ileile. Kifaa kilichobadilishwa hivyo mara nyingi huwa bora kuliko kilivyokuwa siku kilipotoka kwenye boksi, nami sijui vyombo vingi vya umeme vya umri huo ambavyo mtu anaweza kuvisema hivyo.

Yapo masharti, lakini. Baadhi ya programu endeshi za zamani haziwezi kuhesabu nafasi inayozidi takriban GB 128, hata ukiweka kadi kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo thibitisha kikomo cha modeli yako kabla ya kununua. Kadi za bandia ni nyingi, nazo hudai uwezo ambao hazina: hupokea nyimbo zote kwa utulivu, kisha huzipoteza zilizozidi uwezo halisi. Ijaze kadi mpya hadi pomoni ukiwa kwenye kompyuta, kisha isome yote tena ulinganishe, kabla haijaingia ndani ya kicheza muziki. Ukiwa na moyo wa kwenda mbali zaidi, angalia kama modeli yako inakubali Rockbox, programu endeshi ya bure iliyoanza mwaka 2001, ambayo huviwezesha vicheza muziki vya zamani kucheza aina za mafaili ambazo viwanda vyake havikuzikubali, ikiwemo FLAC, aina ya faili linalohifadhi sauti bila kupunguza ubora wake, na kuweka nyimbo kwa kunakili folda tu.

Kuhusu sikio lililonyamaza, anza na yaliyo rahisi. Jaribu hedifoni nyingine, kwani waya wa hedifoni hukatika karibu na plagi mara nyingi kuliko tundu linavyoharibika. Kisha zima kifaa na uchungulie ndani ya tundu kwa tochi. Nyuzi za nguo za mfukoni hujikusanya humo na kuizuia plagi isifike mwisho, nazo hutolewa kwa kijiti chembamba cha mbao, kamwe si kwa sindano. Ikiwa sauti inarudi unapoizungusha plagi taratibu, miguso ya tundu imelegea au kiungo chake cha risasi kimepasuka. Katika modeli ambazo tundu limeungwa kwenye utepe wake pamoja na swichi ya kufunga vitufe, utepe wote hubadilishwa bila kulehemu chochote. Katika nyingine tundu limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na fundi mwenye mkono mtulivu ataupasha moto upya ule mguu ulioachia.

Ni lini basi ningekubaliana na fundi kwamba utafute kingine? Ni pale bodi kuu inapohusika. Kama kifaa kiliwahi kulowa, kifunguliwe na kutazamwa. Kukifukia ndani ya mchele hakusaidii, kwa sababu chumvi na uchafu ulioletwa na maji hubaki juu ya bodi na kuendelea kuila kwa nguvu ya betri iliyoachwa imeunganishwa. Madoa machache ya kijani au meupe karibu na plagi huweza kusafishwa kwa spiriti safi ya isopropili na brashi laini. Kutu iliyoingia chini ya chipu, saketi ya chaji iliyoungua, au kifaa kisichoonyesha uhai wowote hata kikiwa na betri mpya na chaja nzima, hayo ni mambo mengine. Bodi mbadala hutoka kwenye vifaa vilivyokufa kwa sababu nyingine, na kuitumia ni kubahatisha. Hapo ningesimama.

Watu wengi hufuata kanuni kwamba gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya kitu kipya, kinunuliwe kipya. Mimi siipendi kanuni hiyo kwa chombo hiki, maana hulinganisha vitu viwili visivyofanya kazi ileile. Simu ya bei nafuu inacheza muziki, ni kweli, lakini pia inalia, inaleta ujumbe, inagawana chaji yake na mambo mengine, na mara nyingi haina tundu la hedifoni. Linganisha gharama ya kutengeneza na bei ya chombo ambacho kwa kweli kingechukua nafasi ya hiki: chenye nafasi ya kutosha nyimbo zako zote, vitufe unavyoweza kuvibonyeza bila kutazama kama umevizoea, na ubora wa sauti unaokuridhisha. Ukilinganisha hivyo, betri na kadi vikibadilishwa kwa pamoja, kifaa kikifunguliwa mara moja tu, matengenezo hushinda mara nyingi. Kufungua mara moja kuna maana kubwa, kwa kuwa vishikizo vya plastiki huvunjika na tepe fupi za ndani huchanika wakati wa kufungua, na kila ufunguzi ni hatari mpya. Usibadilishe betri leo na diski baada ya miezi mitatu.

Rudi kwa fundi wako kwa heshima umuulize ni sehemu gani aliyoipima na kuikuta imekufa. Huenda alisema utupe kwa kuwa hana spea tu, na hiyo ni sababu ya kweli kwake lakini si hukumu juu ya kifaa. Akisema ni betri, diski au tundu, muulize kama yuko tayari kuziweka ukizileta wewe, kama amewahi kuifungua modeli hii, na kama atakurudishia sehemu alizozitoa. Akisema ni bodi, mwombe akuonyeshe alipoona hitilafu. Fundi anayejua kazi yake haoni ugumu kujibu maswali haya, na asiyeweza kuyajibu hajakichunguza kifaa chako bado.

Ikiwa mwisho wake ni kununua, fahamu kwamba Apple iliacha kuuza iPod classic mwaka 2014 na kusitisha iPod touch, ya mwisho katika ukoo huo, mwaka 2022, hivyo chochote utakachoona chenye jina hilo ni cha zamani na kinakuja na umri wa betri yake. Sony bado inatengeneza Walkman za kidijitali, na zipo kampuni nyingine za vicheza muziki vipya. Unapochagua, ningetanguliza mambo mawili mbele ya sifa zote zinazotangazwa. La kwanza ni nafasi ya kadi ya memori inayotoka, ili siku kifaa kikifa nyimbo zibaki mkononi mwako bila kuhitaji mtaalamu wa kuokoa data. La pili ni betri inayofikika, angalau kwa kufungua skrubu, badala ya gamba lililobandikwa kwa gundi. Sheria ya Umoja wa Ulaya itadai kuanzia Februari 2027 kwamba betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, nami natarajia hilo litabadilisha namna vitu hivi vinavyoundwa hata kwa masoko mengine. Asiye na haraka ana sababu ya kusubiri kidogo.

Na kile cha zamani, kama hakitatengenezwa, kisiishie kwenye pipa la taka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Itoe betri, funika miguso yake kwa utepe wa plastiki, na uipeleke inakopokelewa betri chakavu. Futa diski kama bado inasomeka. Gamba, kioo na vitufe mpe fundi anayeshughulika na modeli hiyo. Kioo kizima cha kicheza muziki cha 2008 hakipatikani tena kutoka kiwandani, na yupo mtu mwingine ambaye kifaa chake kinasubiri hicho tu.